Kabla hujawasha jenereta kambini, uliza nani amelala upande wa moshi

Januari 13, 2024, machimbo ya dhahabu ya Ng'alita wilayani Bariadi yaliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu 22. Msomaji wa safu hii bila shaka unakumbuka. Tangu hapo, kila usalama wa wachimbaji wadogo wa Simiyu unapozungumzwa, mazungumzo huwa juu ya udongo, mvua na kina cha mashimo. Ni haki yake, kwa sababu udongo ndio ulioua. Lakini kwenye machimbo hayo hayo, na kwenye kambi nyingine nyingi za mkoa huu, ipo hatari ya pili ambayo haiachi kifusi wala picha za kutisha za kuweka kwenye simu. Ni moshi wa jenereta.

Mwezi huohuo wa Januari 2024, vijana saba walikutwa wamekufa ndani ya studio ya muziki huko Amassoma, jimbo la Bayelsa nchini Nigeria. Walikuwa wamejifungia kurekodi usiku, jenereta ikinguruma. Polisi walishuku moshi wake. Hapakuwa na moto, hapakuwa na ukuta ulioanguka, na hakuna aliyewahi kufika mlangoni kuomba msaada. Nchini Marekani, ambako takwimu za vifo vya namna hii huwekwa kwa makini, jenereta ndogo za kubebwa huua takriban watu 100 kila mwaka kwa moshi pekee.

Ninaposema kambi sina maana ya hema la mtalii peke yake. Simiyu ni mkoa wa kambi kuliko tunavyodhani. Wapo wachimbaji wanaolala kwenye vibanda vya maturubai hatua chache kutoka shimoni. Wapo wavuvi kando ya Ziwa Victoria wilayani Busega. Zipo kambi za wageni wanaoingia Serengeti kupitia Lamadi na lango la Ndabaka, na kambi za uwindaji za Pori la Akiba Maswa. Msimu wa pamba vijana hulala kwenye maghala kulinda mzigo. Na pale Nyakabindi, viwanja vilivyobeba Nanenane ya kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, mwenye banda la maonyesho asiye na pa kulala hulala humo humo bandani.

Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, limetupunguzia mgao. Naona jenereta nyingi za madukani sasa zimefunikwa na vumbi. Lakini kambi haina nguzo ya umeme, na huko jenereta ya petroli bado ndiyo mfalme wa usiku.

Tuanze na kinachoua. Petroli inapoungua ndani ya injini ndogo haiungui yote sawasawa, na moja ya mabaki yake ni gesi ya kaboni monoksaidi. Usiichanganye na hewa ukaa tunayoisikia kwenye habari za tabianchi. Hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Moshi mweusi unaouona na kuukimbia ni jambo jingine kabisa. Jenereta mpya isiyotoa moshi wa kuonekana inatoa gesi hii vilevile, na jenereta moja ndogo inaweza kutoa kiasi sawa na mamia ya magari. Ukiivuta, inang'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, ila mzigo unaobebwa si ule ubongo unaouhitaji. Aliyelala hapati hata nafasi ya kujua kwamba anaumwa. Aliyekunywa pombe ndiyo kabisa.

Hapa kwetu kuna mtego mwingine. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na mwili kulegea. Mtu wa Bariadi akikutajia hayo, wewe na mimi tunafikiria nini? Malaria. Anapelekwa zahanati, kipimo cha haraka kinaonyesha hana, anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa kambini akapumzike kwenye kibanda kilekile. Ukiwa mhudumu wa afya na wamekuja watu watatu wa kambi moja, wote kichwa kinauma tangu alfajiri na hakuna mwenye homa, waulize jenereta iko wapi. Waulize kama mchana wakitoka nje wanapata nafuu. Na usidanganywe na kile kipimo cha kubana kidoleni. Hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii, hivyo kinaweza kukuandikia asilimia 98 kwa mtu anayekaribia kuzimia.

Niliwahi kulala nyumba ya wageni katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Saa nne usiku umeme ukakatika na mlinzi akawasha jenereta kwenye ujia wa nyuma, chini ya dirisha langu. Nikafunga dirisha kwa sababu ya kelele, nikadhani nimemaliza. Saa nane niliamka kichwa kinagonga na miguu mizito, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi nikapata nafuu. Nilipomwendea mlinzi nimejiandaa kumsomea somo, akanijibu kwa upole: "Daktari, nikiiweka kule uani, asubuhi hatuikuti."

Sikuwa na jibu usiku ule, na nadhani kampeni nyingi za afya nazo hazina. Tunasema watu hawana elimu. Wengi wanajua kwamba moshi ni mbaya. Jenereta inasogezwa karibu na wanaolala kwa sababu ya mwizi, mvua na waya mfupi. Ukimwambia mtu aipeleke mbali bila kumtatulia hayo matatu, atakuitikia vizuri na usiku ataivuta mlangoni tena.

Sasa umbali. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani inataka angalau mita 6 kati ya jenereta na nyumba, bomba la moshi likielekezwa mbali na watu. Watafiti wa serikali hiyo hiyo walipopima, walikuta kwamba mita nne na nusu zinaweza zisitoshe, maana gesi hujikusanya ndani ya nyumba kupitia dirisha lililo wazi na hukaa humo. Hema na kibanda cha turubai vina matundu kuliko nyumba yoyote. Mimi kwa kambi nashauri uzidishe: hatua 15 za mtu mzima, na zaidi kama nafasi ipo. Eneo lenyewe halina shida Simiyu. Mbuga ni pana.

Umbali bila upepo ni nusu ya hesabu. Weka jenereta upande ambao upepo unaelekea, ili moshi uondoke kambini badala ya kuipitia. Na kama uko Busega, kumbuka jambo ambalo wavuvi wanalijua kuliko mimi: mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Jenereta uliyoipangia mahali pazuri saa kumi jioni inaweza kuwa inapuliza moja kwa moja kwenye hema saa saba usiku, na hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo mahali pa jenereta papangwe kwa upepo wa saa za kulala, au ipelekwe pembeni ya kambi ambako pande zote mbili za upepo haziwakuti watu.

Mwizi anataka mnyororo na kufuli, na chuma kilichozikwa kwenye zege ili mnyororo uwe na pa kushika. Mvua inataka nguzo nne na bati juu, bila ukuta hata mmoja. Nimeona watu wakijenga kijumba kizuri cha matofali kwa ajili ya jenereta, kisha wakakiegemeza kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Hilo ni jiko, si banda. Waya urefushwe, lakini uwe mnene. Waya mwembamba wa mita 30 huchemka na kuleta moto, ukawa umekimbia kifo kimoja na kukifuata kingine. Muulize fundi umeme, na kwa taa na chaji za simu waya wa 2.5 mara nyingi unatosha. Jumlisha gharama za hivi vyote, kisha linganisha na bei ya jenereta yenyewe.

Wapo mafundi wanaochomelea bomba la chuma kwenye ekzosi ili moshi utokee juu ya paa. Nimeulizwa hili mara nyingi. Bomba linasaidia kama jenereta iko nje tayari na unataka moshi uende juu zaidi. Halikupi ruhusa ya kuiingiza ndani. Maungio yanavuja, mtikisiko wa injini unayalegeza kila siku, na kwa kuwa gesi haina harufu hutajua limeanza kuvuja lini. Bomba refu au jembamba kupita kiasi pia linaizuia injini kupumua, nayo huunguza vibaya zaidi. Mpira wa maji ndiyo usijaribu, utayeyuka. Na bomba la moto likigusa turubai, tutakuwa tunazungumza habari nyingine.

Narudi machimboni, maana huko ndiko ninakohofia zaidi. Mvua ikijaza shimo, maji lazima yatolewe. Pampu ya petroli iliyo juu haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita saba hivi. Si ubovu wa pampu, ni kanuni ya uzito wa hewa, na fedha haiibadilishi. Basi wachimbaji wanafanya kinachoonekana cha busara: wanaishusha pampu na injini yake shimoni. Dakika chache shimo linajaa gesi. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaochimba na kusafisha visima vya maji, kazi ya kawaida katika mkoa huu wenye kiangazi kirefu. Njia salama ni pampu ya umeme ya kuzamisha majini, jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Kinachoshuka kiwe waya, injini ibaki juu.

Na wale wenye feni ya kupuliza hewa shimoni, au kompresa, nendeni leo mkaangalie inavuta hewa kutoka wapi. Mara nyingi imekaa bega kwa bega na jenereta inayoiendesha, kwa sababu ile ile ya waya mfupi. Hapo feni inavuta moshi na kuusukuma chini kwa nguvu kwa watu walioamini kwamba wanaletewa hewa safi.

Ukikuta mtu ameanguka shimoni au kwenye kibanda kilichofungwa, usikimbilie ndani. Najua ni neno gumu kwa ndugu. Lakini anayeruka kumwokoa mwenzake huvuta hewa ile ile, tena akihema kwa nguvu, naye huanguka. Kitambaa kilicholoweshwa maji puani hakizuii gesi hii, wala barakoa. Zima injini, fungua kila kinachofunguka, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji, mvute kwa kamba kama amefungwa kamba. Kama ni kibanda cha turubai, kichane kwa nje. Akiwa nje na hapumui, anza kumfufua kwa kukandamiza kifua. Maziwa hayasaidii kitu. Sumu hii haiko tumboni, iko kwenye damu, na kumnywesha aliyezimia ni kumpalia. Anachohitaji ni oksijeni ya hospitali. Kwa hewa ya kawaida mwili hutumia saa nne hadi sita kupunguza gesi hiyo kwa nusu, kwa oksijeni nzito ni saa moja hadi moja na nusu. Hata akiamka na kusema yuko sawa, mpeleke, na kama ni mjamzito usisubiri hata dakika, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia zaidi ya mama.

Kambi za watalii hazina kisingizio. Kengele ndogo ya betri inayotambua kaboni monoksaidi inanunulika, na inapaswa kuwa katika kila hema (ile ya kutambua moto haifanyi kazi hii). Kwa mchimbaji wa kawaida, njia rahisi kuliko zote ni kuzima jenereta kabla ya kulala na kuacha taa na simu zitumie betri ya sola.

Swali langu ni kwa wakaguzi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, OSHA ipo, maofisa madini wa mkoa wapo. Baada ya Ng'alita wanapofika kwenye leseni wanaangalia kingo za shimo na mbao za kushikilia udongo. Ningependa mkaguzi anayefuata Bariadi aje na futi kamba, apime kutoka ekzosi ya jenereta hadi kwenye kitanda cha kwanza na hadi kwenye mdomo wa shimo, aandike tarakimu hizo mbili kwenye fomu yake, na amwambie mwenye leseni kwamba asipozirekebisha atafungiwa. Kazi hiyo haizidi dakika tano.