Muziki wa Kilatini Haukuwahi Kuchuja

Kuna hukumu ambayo mashabiki, watangazaji wa redio na hata waandishi wa burudani wanaolipwa kwa kazi hiyo wamerithishana kwa miaka mingi bila kuikagua: kwamba muziki wa Kilatini ni upepo. Unavuma msimu mmoja, watu wanajifunza mtindo wa kuucheza, harusi mbili tatu zinanoga, kisha unapita na Wamarekani na Waingereza wanarudi kwenye viti vyao. Ushahidi ni uleule kila mara. "Macarena" mwaka 1996, Ricky Martin mwaka 1999, "Despacito" mwaka 2017, na baada ya kila kimoja, wanasema, kimya. Nyongeza ya hukumu hiyo ni kwamba Mlatini anayetaka kudumu kimataifa hana budi kuimba Kiingereza.

Hukumu hii ni ya uongo, na mzizi wake unajulikana. Ni mazoea ya kuita "dunia" kile kinachochapwa kwenye chati moja ya nchi moja, Billboard Hot 100 ya Marekani. Wimbo ukipanda humo, umeiteka dunia. Ukishuka humo, umekufa, hata kama Wajerumani, Waitalia na Waargentina bado wanaucheza hadi alfajiri.

Nianze na hoja yao yenye nguvu, maana wanayo. "Macarena" ya Los del Río, wazee wawili kutoka Dos Hermanas karibu na Seville, ilikaa namba moja Marekani wiki 14, tena katika toleo lililoongezwa beti za Kiingereza. Baada yake ilipita miaka 21 kabla ya wimbo mwingine ulioimbwa zaidi kwa Kihispania kufika juu ya chati hiyo. Miaka 21 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa wakati wa "Macarena" alikuwa na kadi ya kupigia kura "Despacito" ilipotoka. Kama hicho si kimya, ni nini?

Basi tuangalie kilichokuwa kinapigwa kwingine katika kimya hicho. Mwaka 2002, Las Ketchup, ndugu wa kike kutoka Córdoba, walishika namba moja karibu Ulaya yote, Uingereza ikiwemo, kwa wimbo ambao kiitikio chake hakimo katika lugha yoyote: ni kijana anayejaribu kuiga rap ya Sugarhill Gang bila kujua Kiingereza, akabaki kubabaika. (Baba yao alikuwa mpiga gitaa la flamenco aliyejulikana kama El Tomate, na jina la kundi likatokea hapo.) Aventura, vijana wa bachata kutoka Bronx, waliongoza chati za Italia na Ufaransa kwa "Obsesión". Juanes wa Kolombia akaongoza Ujerumani na Italia kwa "La camisa negra". "Gasolina" ya Daddy Yankee ilitoka mwaka 2004, na sijui ukumbi wa disko wa miaka ile ambao haukuipiga. Halafu "Danza Kuduro" ya Don Omar na Lucenzo mwaka 2010, halafu Michel Teló wa Brazili aliyeishika Ulaya kwa Kireno. Orodha hii ningeweza kuirefusha mpaka mhariri akasirike. Marekani peke yake ndiyo iliyokuwa kimya, na hata huko kimya kilikuwa cha chati. Katika vitongoji vya Los Angeles na Miami watu waliusikia muziki huu kila siku, kwenye vituo vya Kihispania ambavyo Billboard ilikuwa imevitengea chati yao ya pembeni tangu mwaka 1986.

Mwaka 1999 unastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndio uliozaa msemo wenyewe wa "mlipuko wa Kilatini". Ricky Martin hakuzuka mwaka huo. Alianza utotoni katika kundi la Menudo la Puerto Rico katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1998 wimbo wake ulikuwa wimbo wa Kombe la Dunia Ufaransa. Sehemu kubwa ya dunia ilishamjua. Februari 1999 akatumbuiza kwenye Grammy, ukumbi ukasimama, na kampuni za muziki zikakimbilia studio. Ndani ya miezi michache tukapata "Livin' la Vida Loca", wiki tano namba moja. Enrique Iglesias akafuata, na Jennifer Lopez na Marc Anthony, wote wawili wazaliwa wa New York. Mwaka ukafungwa na "Smooth" ya Carlos Santana, mpiga gitaa aliyekuwa jukwaani Woodstock mwaka 1969, sauti ikiwa ya Rob Thomas ambaye hana Ulatini wowote.

Sasa nyimbo hizo ziliimbwa kwa lugha gani? Karibu zote kwa Kiingereza, na neno la Kihispania lilinyunyizwa hapa na pale kwa ajili ya harufu. Kampuni zilichukua wasanii waliokuwa wakiuza vizuri katika lugha yao, zikawapa lugha ya soko, zikaita bidhaa hiyo muziki wa Kilatini. Bidhaa ikauzika misimu miwili mitatu, ikachosha, na wanaopenda hukumu nyepesi wakatangaza kwamba Walatini wamechuja. Kilichochuja ni Kiingereza chao. Ricky Martin alirudi kwenye Kihispania mwaka 2003 kwa albamu ya "Almas del Silencio" na akawakuta wenyeji wake palepale alipowaacha. Kwa hiyo mfano unaotolewa kila mara kuthibitisha kwamba Kiingereza ndicho kinachodumisha unathibitisha kinyume chake.

Jambo la pili ambalo wenye hukumu hawalitazami ni jinsi chati inavyotengenezwa. Hot 100 ilianza Agosti 1958. Kwa zaidi ya miaka 30 ilitegemea wenye maduka na vituo vya redio waseme wenyewe nini kinauzwa na nini kinapigwa. Mwenye duka akisahau, au akipewa sababu ya kusahau, wimbo haukuwepo. Mwishoni mwa 1991 zikaja hesabu za mashine. Mwaka 2007 ukaanza kuhesabiwa usikilizaji wa mtandaoni, na Februari 2013 YouTube ikaingizwa. Miaka minne baadaye "Despacito" ikakaa namba moja wiki 16 na kuifikia rekodi ya wakati huo. Sidhani kuna anayeamini kwamba katika miaka hiyo minne watu walibadilika masikio. Zamani meneja wa kituo cha redio ndiye aliyeamua wasikilizaji wake hawataki Kihispania, na chati ikaandika uamuzi wake kana kwamba ni matakwa ya wasikilizaji. Siku msikilizaji alipobonyeza mwenyewe, ikaonekana anataka.

Najua hapo atatajwa Justin Bieber, na ni kweli kwamba rimiksi yake ya Aprili 2017 ndiyo iliyoirusha "Despacito" juu Marekani. Lakini Luis Fonsi na Daddy Yankee, wenye wimbo huo, walikuwa wameshaingia Hot 100 kabla yake, na toleo la asili lilikuwa likitamba nchi nyingi bila msaada wa mtu. Tena kama Bieber ndiye aliyekuwa siri, yaliyofuata hayaelezeki. Novemba 2020 Bad Bunny alitoa "El Último Tour del Mundo", albamu ya kwanza ya Kihispania kitupu kushika namba moja kwenye chati ya albamu ya Billboard. Miaka miwili baadaye "Un Verano Sin Ti" ikakaa hapo wiki 13. Spotify ilimtaja kuwa msanii aliyesikilizwa zaidi duniani mwaka 2020, kisha 2021, kisha 2022. Huyu ni kijana wa Vega Baja, Puerto Rico, aliyekuwa akifungia wateja bidhaa kwenye supamaketi, na hajawahi kutoa albamu ya Kiingereza. Mwaka 2025 akatoa albamu iliyojaa salsa na plena, ngoma ya wazee wa kisiwani kwao, ikashika namba moja vilevile. Halafu badala ya kuzunguka Marekani akakaa San Juan akipiga onyesho baada ya onyesho ukumbi mmoja, maonyesho ya mwanzo yakiwa ya wakazi wa kisiwa pekee. Mashabiki wageni wakamfuata kwao.

Na hayuko peke yake. Karol G wa Medellín mwaka 2023 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chati hiyo ya albamu kwa albamu ya Kihispania. Mwaka huohuo Peso Pluma na kundi la Eslabon Armado waliingiza "Ella Baila Sola" kwenye kumi bora za Hot 100, wimbo wa magitaa na tromboni wa mtindo wa kimeksiko ambao miaka kumi tu nyuma ungeitwa muziki wa vibarua. Hapo ndipo neno "Kilatini" linapowachanganya watu. Wanadhani ni mtindo mmoja unaopanda na kushuka. Bolero, mambo, salsa, bachata, regeton na corrido ni miziki mbalimbali yenye nchi, matabaka na rika mbalimbali. Mmoja ukichoka, mwingine unashika zamu. Mimi sehemu kubwa ya regeton ya sasa inanichosha, mdundo uleule wa dembow uliotoka Jamaika kupitia Panama ukizungushwa kama feni mbovu. Kuchoka kwangu hakuufanyi muziki mzima kuwa upepo.

Wengine wamehamia hoja mpya: hizo ni hesabu za Walatini wenyewe, maana sensa ya 2020 ilikuta Marekani zaidi ya watu milioni 62 wenye asili hiyo. Sawa. Na muziki wa country unabebwa na nani, Wamongolia? Kila chati duniani inabebwa na umati fulani. Ajabu ni kwamba umati wa Kansas ukibeba wimbo unaitwa soko, na umati wa Bogotá na Chicago ukibeba wimbo unaitwa ukabila.

Hata hivyo Mwafrika wa Mashariki hakupaswa kusubiri Spotify imwambie haya. Mwaka 1930 bendi ya Mkuba Don Azpiazú, mwimbaji akiwa Antonio Machín, ilirekodi "El Manisero" mjini New York, ikauzwa kupita kiasi. Kuanzia 1933 santuri za Kikuba zikaletwa Afrika zikiwa na herufi za GV. Kule Kongo vijana wakazisikiliza mpaka wakaimba Kihispania cha kubuni, kisha wakaweka Kilingala, na mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz wakarekodi mjini Brussels wimbo wa uhuru wa nchi yao kwa mapigo ya cha-cha. Kwetu Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba. Inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba, akaishia Mombasa. Rumba na cha-cha zikaingia hata kwenye taarab ya pwani, wala hakuna bibi harusi aliyelalamika kwamba ni za kigeni. Mafanikio ya kimataifa yanayodumu karibu miaka mia yanaonekanaje, kama si hivi? Billboard haikuyaona kwa sababu haikuwa na mtu Morogoro.

Inabaki habari ya wasanii wetu, maana hukumu hii hutumiwa kuwachapia wao. Wanaambiwa: mnaona, hata Walatini walilazimika kuimba Kiingereza. Hawakulazimika. Lakini nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: Bad Bunny si ahadi kwa kila anayeimba Kiswahili. Nyuma yake kuna karibu watu milioni 500 waliozaliwa na Kihispania, mamilioni kati yao wanalipia usikilizaji kila mwezi, na kila wanachobonyeza kinaandikwa. Wasikilizaji wa Kiswahili nao ni mamilioni mengi, ila usikilizaji wao mwingi unapita kwenye flashi, kwenye Bluetooth, kwenye baa na kwenye spika za bodaboda, mahali ambapo hakuna anayeandika chochote. Anayemshauri msanii wa Bongo Fleva ahamie Kiingereza ili aingie kwenye chati amwambie kwanza ni nani aliyehesabu wimbo wake wa Kiswahili uliopigwa leo asubuhi kwenye daladala la Mbagala, kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, abiria wote wakiuimba.