Nyumba Bora si Bati

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Wosia huu unatuhusu hasa sisi wa Turkana, kwani Lodwar na Kakuma kila aliyejaliwa senti mbili hukimbilia kuezeka mabati, na asiyefanya hivyo huhesabiwa fukara.

Nchini Uhispania, katika mkoa wa Granada, upo mji mkongwe uitwao Guadix. Maelfu ya wakazi wake huishi katika nyumba zilizochimbwa vilimani. Kiangazi cha huko ni kikali, lakini udongo mnene huzuia joto lisipenye, na wakati wa baridi huhifadhi vuguvugu. Hakuna anayewacheka, watalii husafiri kwenda kulala humo. Hata hapa Kenya, Joseph Thomson alipofika Mlima Elgon mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao.

Sisi tuna mchanga, mawe na mikoma. Kwa makuti ya mkoma, mama wa Kiturkana hujenga kibanda cha mviringo kinachopitisha upepo. Linganisha nacho chumba cha bati saa nane mchana, jotoridi la nje likipita nyuzi 35. Mwanafunzi atadurusu vipi humo? Mgonjwa atapataje usingizi? Katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, wapo waliozaliwa na kukulia chini ya mabati hayo.

Mgala muue na haki yake mpe: bati halili mchwa wala halishiki moto upesi. Isitoshe, mikoma si ya kukatwa ovyo, na kazi ya kuezeka upya humlemea mwanamke. Sisemi, basi, turudi nyuma. Nasema tujenge kwa kulisikiliza jua. Chuo cha Startup Lions, kilichokamilika mwaka 2021 kando ya Ziwa Turkana, kilisanifiwa na Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso. Minara yake, iliyoiga vichuguu vya huku kwetu, hutoa hewa moto nje.

Kosa letu limeanzia katika maneno. Bati tumeliita nyumba ya kudumu, makuti tukayaita ya muda. Je, hudumu nini, nyumba au mateso? Enyi wenye kupanga makazi, kabla ya kuagiza bati jingine, ketini kwanza na akina mama waliojenga bila bati.