Kishikwambi cha mwalimu kimebeba siri za nani?

Ndugu msomaji, wewe unayeshinda kijiweni Korogwe, mdogo wako anasoma shule ya serikali kule Mazingara? Basi sikiliza. Baada ya Sensa ya 2022, walimu waligawiwa vishikwambi vya makarani. Safi, hatupingi. Lakini jina la mtoto, alama zake na simu ya mzazi vikiingia humo, nywila anashika nani? Kikiibwa je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde. Vigogo wanaijua, mlalahoi hajaambiwa. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, nenda. Muulize mwalimu mkuu, diwani akisikia: mwalimu akihama, kishikwambi kinafutwa kwanza? Wakisema "tunalifanyia kazi", usikae chini.