Nani Huwaachilia Wauaji?



Kila mara mahakama inapomwachilia mtu aliyeshtakiwa kwa kuua, kauli moja husikika sokoni, ndani ya matatu, na hata nje ya kanisa baada ya Misa: "Sheria zetu zinawalinda wauaji." Kauli hiyo huzaa mawazo mawili ya hatari. La kwanza ni kwamba haki za mshtakiwa zipunguzwe, ili polisi wasisumbuliwe katika kazi yao. La pili ni kwamba wananchi wajichukulie sheria mikononi, kwa mawe na kwa matairi ya moto.

Sisi twayakataa mawazo yote mawili, na twaikataa hata kauli yenyewe. Kesi za mauaji tunazozikumbuka kwa uchungu katika nchi hii hazikufa mbele ya jaji. Zilikufa mapema zaidi: kwenye nyasi zilizokanyagwa, juu ya meza ya kupasulia maiti, na ndani ya faili lililoandikwa na mtu aliyekwisha kuamua jibu kabla ya kuuliza swali. Wakili wa utetezi huingia baadaye tu, akaukuta mlango wazi. Yeye hakuufungua.

MORENDAT

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2000, mwili wa Padre John Anthony Kaiser, mmisionari wa Mill Hill mzaliwa wa Marekani, ulikutwa kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, karibu na njia panda ya Morendat, Naivasha. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Bunduki yake mwenyewe ilikuwa karibu naye. Alikuwa amewatumikia Wakenya tangu 1964, kwanza Kisii na baadaye katika Jimbo la Ngong. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya kikabila, akawataja wakubwa wa serikali aliowalaumu kwa mateso ya watu waliofukuzwa katika mashamba yao.

Serikali ilikaribisha wapelelezi wa FBI kutoka Marekani. Mwaka 2001 ripoti yao ilisema kwamba Padre alijiua, na iliegemea sana historia ya afya yake ya akili. Maaskofu na waamini hawakuikubali. Mwaka 2003 uchunguzi wa kifo ulifunguliwa mahakamani, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akaamua kwamba Padre Kaiser aliuawa. Lakini kwa ushahidi uliofikishwa mbele yake, hakuweza kusema ni nani aliyeua. Alishauri upelelezi uendelee. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo hicho.

Tutafakari jambo hili bila hasira. Swali la kama mtu amejiua au ameuawa kwa bunduki halijibiwi kwa kuchunguza huzuni zake za zamani tu. Hujibiwa kwanza kwa vitu vinavyoonekana. Mtutu ukigusa ngozi, masizi na moshi huingia ndani ya jeraha. Ukiwa mbali kidogo, chembe za baruti hutawanyika kulizunguka. Ukiwa mbali zaidi, chembe hizo hazionekani kabisa. Mikono ya marehemu, nguo zake, mahali bunduki ilipolala, damu ilikorukia na alama za magurudumu: vyote hivyo ni mashahidi wasiohongwa wala kutishwa. Lakini mashahidi hao wana maisha mafupi. Mvua huwaosha, viatu huwakanyaga, mikono yenye haraka huwahamisha.

Katika kesi ya Padre Kaiser, wataalamu walitofautiana juu ya jambo hilohilo: risasi ilitoka umbali gani? Swali lililopaswa kufungwa kwa vipimo vya siku ya kwanza lilibishaniwa mahakamani miaka mingi baadaye, wakati hapakuwa tena na jeraha la kutazama wala nyasi za kupima. Ukweli wa kwamba aliuawa ulipatikana. Jina la muuaji halikupatikana. Hiyo ndiyo gharama ya siku ya kwanza iliyopotea.

Tukumbuke sura ya ishirini na moja ya Kumbukumbu la Torati. Maiti ikikutwa kondeni, na aliyeua hajulikani, wazee na waamuzi waliamriwa watoke, wapime umbali kutoka mahali maiti ilipolala hadi miji ya kandokando. Tazameni mpangilio huo: kupima kwanza, ndipo ibada na kiapo vifuate. Hawakuruhusiwa kunawa mikono kabla ya kupima.

MARA NA GOT ALILA

Morendat haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa Septemba 1988 mabaki ya mwili wa Julie Ward, msichana Mwingereza, yalipatikana katika mbuga ya Maasai Mara. Wakubwa walielekea kusema kwamba aliliwa na wanyama. Ripoti ya daktari aliyeyachunguza mabaki ilibadilishwa, ili viungo vilivyokuwa vimekatwa vionekane kama vilivyoraruliwa. Maneno machache tu yalitosha kumgeuza muuaji kuwa simba. Baba yake, aliyekuwa na mali na ukaidi wa mzazi, alipigana hadi mahakama ikakubali mwaka 1989 kwamba bintiye aliuawa. Baadaye watu watatu walishtakiwa katika kesi mbili, wote wakaachiliwa, wawili mwaka 1992 na mmoja mwaka 1999. Mbele ya sheria hao ni watu wasio na hatia. Basi aliyeua ni nani?

Dakt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Mvulana mchungaji aliuona mwili wake chini ya kilima cha Got Alila, lakini haukutangazwa kupatikana hadi tarehe 16. Alikuwa amepigwa risasi kichwani na mwili ulikuwa umechomwa moto. Hata hivyo nadharia ya kujiua ilitolewa hapo pia. Mpelelezi John Troon wa Scotland Yard aliikataa. Tume ya Jaji Gicheru ilipokuwa ikiendelea kusikiliza mashahidi, ilivunjwa kwa amri ya Rais mwezi wa Novemba 1991. Ofisa mmoja wa utawala alishtakiwa, akaachiliwa mwaka 1994.

Ikiwa mgeni ambaye baba yake anajulikana, waziri wa serikali na padre wa Kanisa waliweza kupotezewa haki namna hii, itakuwaje kwa mjane wa kijijini ambaye mwanawe amekutwa mtaroni? Yeye hana wa kumwita kutoka ng'ambo. Faili lake litaandikwa maneno mawili, "watu wasiojulikana", kisha litapangwa rafuni.

HIYO INAYOITWA MIANYA

Wapo watakaojibu: "Hata ushahidi ukiwapo, wakili hupata mwanya." Tuitazame mianya hiyo mmoja mmoja.

Wa kwanza ni ule wa siku za kizuizini. Chini ya Katiba ya zamani, mtu aliyeshukiwa kwa kosa la kifo alipaswa kufikishwa mahakamani katika muda wa siku 14. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia mshtakiwa aliyekuwa amekaa mikononi mwa polisi miezi minane, na baada ya hapo hata washtakiwa wa mauaji waliachiliwa kwa sababu ya ucheleweshaji kama huo. Wananchi walighadhibika. Mwaka 2010 mahakama hiyo ilibadili msimamo, ikasema kwamba aliyecheleweshwa ana haki ya kudai fidia, bali kesi yake iendelee. Lakini tuulize: katika miaka hiyo minne, ni nani aliyekuwa akiwafungulia washtakiwa mlango? Ni ofisa aliyejua kuhesabu hadi kumi na nne na hakuhesabu.

Wa pili ni ule wa ungamo. Kwa sheria iliyofuata marekebisho ya 2003 na 2007, ungamo la mshtakiwa halikubaliki isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu mwingine aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe awepo. Wengine huuita mwanya. Sisi twauita ukuta, tena uliojengwa kwa sababu. Mtu aliyepigwa nyayo usiku kucha ataungama hata yale ambayo hakuyatenda, na siku ile anapoungama, muuaji wa kweli hulala usingizi. Polisi mwenye alama za vidole na ripoti nzuri ya daktari hana haja ya kiboko.

Wa tatu ndio mbaya kupita yote, na hausemwi. Mtu akishtakiwa na kuachiliwa kwa hukumu, hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Kanuni hiyo ni ya haki. Lakini kutokana nayo, kumfikisha mtu mahakamani kwa ushahidi haba, ili kuwanyamazisha waandishi wa habari au waombolezaji, ni dhuluma maradufu. Kama hana hatia, ametesewa bure. Kama anayo, amekabidhiwa kinga ya maisha. Haraka ya kushtaki si bidii ya haki.

Tena tusisahau kwamba adhabu ya kifo ingali katika vitabu vya sheria, ingawa tangu 2017 Mahakama ya Juu imeondoa ulazima wake katika kesi za mauaji. Palipo na uwezekano wa kumnyonga mtu, au wa kumfunga maisha yake yote, shaka si kitu cha kuonea haya. Katika Kitabu cha Danieli, Susana aliokolewa kwa sababu kijana mmoja aliwatenganisha mashahidi wawili na kumwuliza kila mmoja habari ya mti. Umati ulikuwa umekwisha kumhukumu. Je, swali lile nalo lilikuwa mwanya?

PALE USHAHIDI ULIPOTUNZWA

Mwezi wa Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao walitekwa nyara baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Mteja huyo alikuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi. Miili ya wote watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyekuwa mtoa habari wa polisi. Askari wa nne alimwachilia.

Sheria ilikuwa ileile, na haki za washtakiwa zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa nini? Karatasi ya chooni iliyoandikwa na wakili na kutupwa kutoka kizuizini Syokimau iliokotwa na mtu ambaye hakuipuuza. Kumbukumbu za simu zilichukuliwa na kusomwa. Ungamo la mmoja wao lilipingwa, likapimwa na mahakama, likakubaliwa. Mawakili wenzake na watetezi wa haki hawakulala. Kesi ilichukua miaka sita, lakini ilisimama. Basi na asituambie mtu kwamba muuaji hawezi kutiwa hatiani mpaka sheria ivunjwe.

TUNALODAI

Twaidai Serikali mambo mawili. La kwanza: anayechunguza kifo asiwe chini ya amri ya anayeweza kushukiwa. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda idara huru ya kitaifa ya kuchunguza vifo vya mashaka, kisha miaka ikapita bila idara hiyo kuanza kazi. Sheria isiyotekelezwa ni ahadi iliyotiwa muhuri wa uongo. La pili: maabara ya kitaifa ya uchunguzi wa jinai iliyozinduliwa Nairobi mwaka 2022 isiwe fahari ya mji mkuu peke yake. Hakuna mashine inayoweza kusoma shati lililokwisha kufuliwa huko Narok. Askari wa kituo cha mashambani afunzwe, apewe kamba, kamera, mifuko ya karatasi na gari lenye mafuta.

Lakini nasi tuna wajibu wetu. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wafundishe haya:

1. Kifo cha mashaka kikitokea, watu wakae mbali na mahali pa tukio mpaka polisi wafike. Tusimfunike marehemu kwa khanga zetu, tusimwinue, tusiokote silaha. Heshima yetu kwa maiti isiwe kifutio cha ushahidi.

2. Taarifa itolewe kituoni mara moja, na nambari ya kitabu cha matukio, yaani OB, iandikwe na kuhifadhiwa.

3. Nguo za marehemu zisifuliwe wala zisichomwe. Zikabidhiwe polisi mbele ya shahidi.

4. Mazishi yasitangulie upasuaji wa maiti. Familia iombe daktari wake awepo. Jumuiya ichangie gharama hiyo kama inavyochangia jeneza na chakula cha matanga.

5. Kifo kikihusishwa na polisi, mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ipewe habari.

6. Shahidi mwenye hofu asiachwe peke yake. Ipo sheria ya kuwalinda mashahidi tangu 2006. Aelekezwe, tena asindikizwe.

7. Tusikubali mbuzi na fedha za wazee zinunue ukimya juu ya damu. Upatanisho ni jambo jema. Kuficha mauaji si upatanisho. Na anayemchoma mshukiwa kwa tairi ameua, tena ameuteketeza ushahidi wake pamoja naye.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

Je, katika parokia yetu kuna kifo ambacho faili lake limelala? Ni nani kati yetu aliyeona jambo na hajalisema? Kosa la mauaji halizeeki mbele ya sheria: ushuhuda wa leo waweza kulifungua faili la miaka ishirini. Je, tutamteua nani, kabla ya mkutano wa mwezi ujao, aende kituoni pamoja na familia hiyo kuuliza limefikia wapi?