Kisasi Kikikabidhiwa Bunduki

Wahenga walinena: hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Sisi tuvaao sare hatuna budi kuutafakari usemi huo, kwani hasira ya mwenye silaha haimdhuru yeye peke yake.

Na tuwatazame Wamanobo, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Mindanao, kusini mwa Ufilipino. Mtaalamu John Garvan, ambaye kitabu chake juu yao kilichapishwa mwaka 1931, alieleza jinsi kisasi kilivyotembea miongoni mwao. Damu ilipomwagika, deni halikuwa la muuaji pekee bali la jamaa zake pia. Alipokosekana yeye, nduguye asiye na hatia aliweza kulilipa kwa uhai wake. Hata hivyo, dawa ilikuwapo: wakuu waliwakalisha wagomvi kitako, fidia ikatajwa, ikalipwa, na uhasama ukakoma.

Miaka mingi baadaye, vita baina ya serikali na waasi wa kikomunisti viliwakuta watu hao katikati. Tarehe 1 Septemba, 2015, huko Lianga, katika mkoa wa Surigao del Sur, waliuawa Emerito Samarca, mkurugenzi wa shule ya vijana wa makabila ya asili, pamoja na viongozi wawili wa wenyeji, Dionel Campos na Juvello Sinzo. Waliotuhumiwa ni wanamgambo wa Magahat-Bagani, wenyeji wenzao, waliojivika jina la kale la mashujaa. Maelfu ya wanavijiji walikimbia makwao, wengi wakaelekea mji wa Tandag. Je, ni mwasi gani aliyeshindwa siku ile kwa kuuawa mlezi wa wanafunzi?

Ndugu askari, mafunzo ni mawili. Kwanza, ugomvi wa wananchi haumalizwi kwa kuupatia upande mmoja bunduki. Afanyaye hivyo huwanyang'anya wazee kazi ya kusuluhisha, naye hataweza kuikusanya silaha hiyo kwa urahisi alivyoigawa. Pili, mwenzetu akianguka katika shambulio la kuvizia, kijiji kilicho karibu si adui kwa sababu tu ya ukaribu wake. Mhalifu atafutwe, akamatwe na afikishwe mahakamani, yeye na si jamaa zake.

Tukiwapiga wasiohusika, tutakuwa tumelirudisha lile deni la damu, na safari hii mdai atakuwa amevaa sare ya taifa. Nidhamu ndiyo inayomtenga askari na mlipa kisasi. Tuilinde.