Mji Wenye Maoni, Usio na Timu

Kila mwaka masika yanapokatika na ligi ikakaribia ukingoni, mji wa Moshi hugeuka baraza la wajuzi wa soka. Kuanzia vijiwe vya kahawa vya Mbuyuni na Kiborloni hadi vilabu vya mbege huko Marangu, Kibosho na Machame, watu wazima huacha shughuli zao wakahesabu pointi. Nani ana mechi mkononi, nani anaongoza kwa tofauti ya mabao, mwamuzi gani kapangwa, mchezaji gani anatumikia adhabu ya kadi: yote hayo hujulikana kwa ghibu. Mgeni angedhani ubingwa unagombewa pale pale, chini ya mlima. Kumbe unagombewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, baina ya vilabu viwili ambavyo makao yao, moja Msimbazi na jingine Jangwani, yako katika eneo lile lile la Kariakoo.

Msimu wa 2024/25 ulikuwa kilele cha ujuzi huo. Mechi ya watani iliyopangwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ile ile, baada ya Simba kutangaza kwamba hawatacheza kwa kuwa walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo. Yanga nao wakagoma kukubali kwamba kuna mechi nyingine ya kuchezwa. Mambo yakavutana hadi tarehe 25 Juni, mechi hiyo ikawa ndiyo ya mwisho wa msimu, Yanga wakiwa mbele kwa pointi moja. Wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa wa nne mfululizo. Katika miezi ile mitatu na nusu, hapakuwa na fundi cherehani wala dereva wa bodaboda mjini Moshi asiyekuwa mwanasheria wa kanuni za Bodi ya Ligi. Hata wanaodai hawana muda wa kuhudhuria mkutano wa mtaa walipata muda wa kuzichambua.

Husemwa kwamba huo ndio mapenzi ya mpira. Dai hilo linastahili kupingwa, na ushahidi wa kulipinga haupo mbali. Upo mwaka 2023, katika Uwanja wa Ushirika, mjini humo humo.

Timu ya Polisi Tanzania, iliyoufanya uwanja huo kuwa nyumbani kwake, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, ikadumu misimu minne. Mwishoni mwa msimu wa 2022/23 ilishuka daraja pamoja na Ruvu Shooting. Wiki zile za mwisho zilikuwa na kila kitu anachokitafuta mpenda soka: hesabu za pointi, hofu, tumaini la kuinusuru angalau nafasi ya kucheza mchujo, vijana wanaokimbilia riziki yao kwenye matope. Na mji ulikuwa unazungumza nini? Ulikuwa unazungumza fainali ya Yanga na USM Alger. Kuizungumza si kosa, kwani timu ya Tanzania kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika ni jambo kubwa. Kosa ni kwamba hakikubaki chochote cha kuzungumza juu ya timu iliyokuwa inazama umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kijiweni. Katika misimu ile minne, Wekundu au Wananchi walipopanda kaskazini ndipo majukwaa yalipojaa, na rangi zilizotamalaki hazikuwa za wenyeji. Timu ya Moshi ilicheza ugenini nyumbani kwake.

Wapenzi wa ushairi watalitambua hili upesi kuliko wengine, kwa sababu wanaijua sanaa ya malumbano. Katika kujibizana, mwenye kujibu huishika hoja aliyotupiwa. Aghalabu huishika hata bahari na vina vya mwenzake, ili asikilizaye apime nani kamshinda nani katika uwanja mmoja. Shabiki wa kijiweni hafanyi hivyo. Ukimuuliza juu ya penalti ya Juni 2025, atakujibu kwa mabao matano ambayo Simba waliwafunga Yanga Mei 2012. Mwenziwe naye atarudi na 5-1 ya Novemba 2023, na mzee mmoja pembeni, ambaye hakuulizwa, atakumbusha 6-0 ya mwaka 1977. Hayo si majibu. Ni kurushiana tarehe. Aliyeshindwa huwa ameonewa na mwamuzi, aliyeshinda huwa ameshinda kwa haki, na msimu ukibadilika wote wawili hubadilishana kauli neno kwa neno bila kuona haya.

Tena kuna tofauti kubwa zaidi. Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi walipopambana kwa tungo mwanzoni mwa karne ya 19, mmoja alikuwa akisemea Mombasa na mwingine Lamu. Kejeli zao zilikuwa kali, lakini kila kejeli ilikuwa na mji nyuma yake, na kila mtunzi alirudi kulala katika mji alioutetea. Hapa ndipo malumbano ya Moshi yanapopwaya. Mchaga wa Uru anamrushia maneno Mpare aliyepanga Majengo, na wote wawili wanausemea mtaa wa Kariakoo ambao labda hawajawahi kuukanyaga. Utani wa jadi umebaki na utani. Jadi yenyewe imeazimwa.

Wapo watakaojibu kwamba Polisi Tanzania ni timu ya jeshi la polisi, si ya wananchi, na kwamba mtu halazimiki kuipenda timu ya dola kwa sababu tu imepiga kambi karibu na kwake. Hoja hii ina uzito, nayo isingepuuzwa kama isingekuwa na historia ya kuiumbua. Moshi iliwahi kuwa na Ushirika, timu iliyofika ligi ya juu ya Bara ikiwa na jina ambalo katika mkoa ule halikuhitaji kufafanuliwa: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925, na KNCU yao ikaundwa 1933, kabla ya Yanga ya 1935 na Simba ya 1936. Hiyo haikuwa timu ya dola. Iko wapi? Kitayosce nayo ilitoka Kilimanjaro, ikahamia Tabora, na mwaka 2023 ikapanda Ligi Kuu na kuitwa Tabora United. Klabu yaweza kuondoka mlimani, ikafanikiwa ugenini, na kijiwe kisijue kwamba kimepoteza kitu.

Wengine watasema umaskini: vilabu vya mikoani havina fedha, basi kuvipenda ni kujitakia huzuni. Na Tukuyu je? Ni mji mdogo kuliko Moshi, nao uko chini ya mlima, Rungwe, katikati ya migomba kama ile ile, na mvua yake ni nyingi zaidi. Tukuyu Stars walitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga iliutwaa 1988, Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ikautwaa 1999 na 2000. Hakuna aliyewaambia watu wa Tukuyu kwamba ubingwa ni mali ya mitaa miwili. Kama waliambiwa, hawakusikia.

Mapenzi hayapangiwi, hilo ni kweli. Mtu ampende amtakaye. Lakini mwenye kupenda huuliza khabari za mpenziwe. Shabiki wa Moshi anaweza kukutajia kwamba Aziz Ki ni wa Burkina Faso na Pacôme Zouzoua ni wa Ivory Coast, akakueleza na mguu anaoutegemea kila mmoja. Mtoto wa jirani yake anayecheza peku kwenye kiwanja cha shule huko Rombo, chenye mteremko hata mpira hauwezi kutulia, hana wa kumtaja. Daraja la kati ambalo mtoto huyo angelipitia kwenda Ligi Kuu ndilo lililoporomoka 2023 bila kijiwe kunyamaza hata kwa dakika moja.

Msomaji wa visiwani asicheke sana. Tarehe 13 Januari 2024, katika Uwanja wa New Amaan, Mlandege waliifunga Simba 1-0 na kulichukua Kombe la Mapinduzi kwa mwaka wa pili mfululizo. Klabu ya mtaa wa Unguja ilikuwa imemwangusha Mnyama nyumbani kwake yenyewe. Asubuhi yake, kwenye mabaraza ya Mji Mkongwe, ahesabiwe aliyesema “tumeshinda”, na ahesabiwe aliyesema “tumefungwa”.