Nyuki Wana Haki Yao

Mimi ni mtu wa pwani, maisha yamenileta Matulo, karibu na Webuye. Si mbali na hapa ipo Chetambe, ngome waliyopigania Wabukusu dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Wageni wakija kuitazama, huwapitisha penye mizinga ninayoitunza bila ya ujira. Wote huulizia asali. Nami huwaambia: asali ni bakhshishi, kazi kubwa ya nyuki ni kuchukua chavua ua kwa ua, ndipo mimea kama alizeti na maboga ikazaa.

Kur'ani ina sura nzima yenye jina la nyuki, An-Nahl, nasi twawamwagia dawa mchana, maua yakiwa wazi! Kule Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza 1993 umeonyesha kuwa mdudu aliye hai ni riziki na ni darsa. Rai yangu: mwenye kupiga dawa angoje magharibi, nyuki washarudi mzingani.